Karanga za Joviale Zapata Mteja Kanada

Huku Cimpunda, mtaa wetu wa Bukavu, kampuni hazikosekani. Wanaokosekana ni wanunuzi. Joviale alianza kusaga karanga katika chumba cha mbele cha baba yake, akiziuza kwenye makopo yaliyowahi kuwa ya maziwa. Majirani walikuja kuonja tu. Aliyeonja kuliko wote ni Maman Colette wa ng'ambo ya kijia: kijiko cha kwanza, cha pili, kisha hukumu.

"Iko na muchanga," alisema kila mara, huku akilamba kijiko.

Basi Joviale akaamua kutafuta soko la nje. Mkufunzi wa wajasiriamali alimwambia simu yake ni bandari. Bandari, huku kwetu milimani! Akafungua ukurasa mtandaoni, akanunua chupa za kupendeza, akabandika lebo ya Kifaransa, "Délices de Jo", na neno Bukavu akaliondoa lisije kuwatisha wateja. Chini akaandika: tunafikisha popote duniani. Baba yake, Papa Alphonse, alimwachia chumba hadi Pentekoste. Mteja wa nje asipopatikana, angempangisha msusi.

Pentekoste ilipokaribia, simu ikalia. Commande, oda kutoka Montréal, Kanada, katoni nzima, imeshalipwa! Mteja alijiandika F. M. tu, akaahidi kuagiza kila mwezi mpokeaji akiridhika. Joviale alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Aliifunga katoni kwa utepe wa kutosha kuvuka bahari, ndipo akauliza anwani.

"Mulisema munafikisha popote," mteja akajibu. "Mupelekee mama yangu, Maman Colette, Cimpunda, Bukavu. Ni mimi mutoto yake, Firmin."

Nilimwona Joviale akivuka kijia na katoni kichwani. Huo ndio uliokuwa usafirishaji wenyewe. Alisema tu imetoka kwa Firmin, Kanada. Maman Colette aliisoma lebo taratibu, akafungua chupa, akaonja. Joviale alisubiri mlangoni, maana chumba chake sasa kilikuwa juu ya ulimi wa yule mama.

"Eeh! Hii njo karanga! Batu ba Kanada banajua kusaga." Akamsogezea kijiko. "Onja, mutoto, ujifunze. Ile yako, pole."

Joviale akaonja. Neno lilimfika kooni, na mimi niliomba alitoe, kwa hasira niliyokuwa nayo. Lakini Firmin alisema kila mwezi.

"Ni kweli, Maman," akasema. "Yangu haiyafika pale."