Dira la Mama na Bahari ya Hispania

Wiki nzima nililala na swali moja na kuamka nalo. Wewe unanijua: mimi swali moja nikilishika, hadi alfajiri limeshazaa mengine. Nimpeleke mama Hispania, au nimwache alipo?

Lilianza Ijumaa, baada ya sala. Ami, kaka yake marehemu baba, alikuja kwetu Small Heath, hapa Birmingham, kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani, akaletewa chai ya tangawizi. Nikampa habari kwa furaha: mama ametamani kuiona tena ile bahari tuliyokuwa tukienda utotoni, na mimi nimemaliza chuo, nimepata kakazi ka ofisini, naweza kumpeleka. Ami akakiweka kikombe chini.

"Hispania kuna nini cha mjane?" akamwuliza mama aliyekaa kando yangu. "Shemeji, ukitaka kusafiri nenda Unguja ukawaone ndugu zako. Huko utatupatia maneno. Watu watasema mume kafa juzi, mke keshapata pa kustarehe."

Baba hakufa juzi. Alikufa miaka miwili iliyopita, na mama akakaa eda yake yote, na ilipokwisha eda akaendelea kukaa vile vile: nyumbani, dukani, msikitini, nyumbani. Nilimgeukia nikingoja jibu lake. Mama yangu hakuwa mtu wa kukosa jibu. Lakini siku ile aliviringisha upindo wa mtandio wake kidoleni, akasema, "Sawa, shemeji. Umesema kweli."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyoninyima usingizi. Ili uelewe kwa nini, lazima nikurudishe nyuma kidogo, nikuoneshe mama alivyokuwa.

Baba alikuwa akifunga milango kwenye magari mapya pale kiwandani Longbridge. Kila kiangazi kiwanda kilizima mitambo wiki mbili, wafanyakazi wote wakaenda mapumziko kwa mpigo, na wengi wao walikwenda pwani ya kusini ya Hispania. Walirudi na ngozi nyekundu na hadithi zisizokwisha. Sisi wiki mbili hizo tulizimaliza Birmingham, tukitazama mvua kwenye kioo. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la mwisho la shule ya msingi, mwenzake mmoja Mwingereza alimwambia baba kwa utani kuwa kule si mahali pa watu kama yeye. Baba akarudi nyumbani, akavua buti mlangoni, akasema, "Mama watoto, kwani ile bahari ina geti?"

"Bahari gani?"

"Ya Hispania."

"Ikiwa ina geti tutagonga," mama akasema, na wiki ile ile wakaenda kukata tikiti.

Habari ilipotoka, mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Jirani wa nyumba ya pili, mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa na aliyempenda sana mama, alikuja mbio na kijiko cha mchuzi bado mkononi. "Dada, unawapeleka watoto kwenye watu uchi?"

"Macho yangu yana kope," mama akamjibu. "Nikitaka nitayafumba."

Basi tukaenda. Mkosi wa kwanza ulitupata papo hapo uwanja wa ndege. Sanduku kubwa lilikuwa limejaa mchele, bizari na nazi alizonunua mama kwenye maduka ya Coventry Road, kwa hiyo mbuzi ya kukunia nazi ikakosa nafasi, naye akaitia kwenye mkoba wake wa mkononi chini ya kanga. Afisa wa ukaguzi alipoona kwenye mashine ule ulimi wa chuma wenye meno, aliita mwenziwe, na mwenziwe akaita mkubwa wao. Wakaitoa, wakaiweka juu ya meza, wakawa wanaizunguka kama kitu kitakachowaruka. Baba alijaribu kueleza, Kiingereza kikamgomea. Mama akasema, "Hebu nipisheni." Akaichukua, akaikunjua pale sakafuni, akaikalia, akashika nazi isiyokuwepo kwa mikono miwili na kuanza kukuna. Foleni yote ikacheka. Mkubwa wao akacheka pia, kisha akaamuru ipelekwe tumboni mwa ndege pamoja na mizigo.

"Kuna nazi za kopo siku hizi, bi mkubwa," baba akamnong'oneza.

"Za kopo kapikie wenzako wa kiwandani."

Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikihesabu nani anatutazama. Ndivyo nilivyozaliwa. Mdogo wangu wa kiume, aliyeelewa Kiswahili chote ila akijibu kwa Kiingereza, alikuwa amekaa juu ya begi akila bisi.

Hoteli yetu ilikuwa Torremolinos, jengo refu jeupe lenye vyumba vya kujipikia na bwawa la kuogelea mbele, na barabara tu ikilitenga na bahari. Asubuhi ya kwanza mama alivaa dira lake la kijani, lile gauni pana la kufika miguuni, akajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, akateremka ngazi za bwawa polepole, uso umemng'ara. Sijui alipiga hatua ngapi majini kabla ya filimbi kulia. Kijana mlinzi wa bwawa alikuja akipunga mikono. Nguo haziruhusiwi, alisema, ni mavazi ya kuogelea tu. Watu wote waliolala kwenye vitanda vya jua waliinua vichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama hakukimbia. Alipanda ngazi zile zile kwa mwendo ule ule, maji yanamchuruzika, akasimama mbele yao wote, akaikamua kanga yake kwa utulivu mpaka tone la mwisho. Kisha akamwambia baba, "Mwambie maji yake yananuka dawa ya choo. Mimi naenda kwa mwenye maji."

"Amesema nini?" kijana akamwuliza baba.

"Anakushukuru," baba akajibu.

Tukavuka barabara nyuma yake. Aliingia baharini na dira lake, na mawimbi hayakumwuliza kitu. Dira lilijaa maji likavimba kama puto, mdogo wangu akalipiga makofi, baba akakunja suruali akamfuata. Nilibaki mchangani. Mtu lazima alinde viatu, nilisema, na kila mwaka tuliokwenda niliendelea kuwa mlinzi wa viatu. Niliwaza: kama vikiibiwa tutarudije hotelini? Kama maji yakiwachukua wote, nitamweleza nani, kwa lugha gani?

Baada ya filimbi ile, bwawa lile tulilipita kila asubuhi kama hatulioni. Mama mbele na sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga, baba na mwavuli, mdogo wangu na mpira, mimi nyuma na mfuko wa viatu vya akiba. Mama hakuwa akienda "ufukweni". Alikuwa akienda mandari, kama walivyokwenda kwao Unguja, na mandari haiendwi na mkate mkavu. Tukifika alitandika mkeka, akafunua sufuria, harufu ya bizari nzima na vitunguu vilivyokaangwa ikatembea juu ya watu waliojipaka mafuta ya jua. Na desturi ya mandari ni kwamba aliye karibu nawe hutamwacha atazame tu. Siku ya tatu mke wa yule Mwingereza wa utani, ambaye kumbe alikuwa na mumewe hoteli ya jirani, alikuwa amekaa kwenye mkeka wetu, mabega mekundu yamefunikwa kanga ya mama, anakula kwa mkono. Mumewe alisimama pembeni akijifanya anatazama meli.

"Mwambie akae," mama akamwambia baba. "Au anangoja geti lifunguliwe?"

Akakaa. Alikula sahani mbili.

Siku nyingine baba alitupandisha basi la pwani, tukashuka kila mji uliotupendeza. Fuengirola tulitembea sokoni mpaka miguu ikawaka. Nerja tulisimama juu ya jabali tukaona bahari ya rangi ambayo sijaiona tena. Tulipita vijiji vya nyumba nyeupe zilizobanana, vichochoro vya kupita mtu na kikapu chake, wanawake wazee wamekaa vizingitini wakimenya maharage. Mama alikuwa akiwasalimia wote kwa Kiswahili na wote walimjibu kwa Kihispania, na hakuna aliyeona kasoro.

Mbele zaidi, karibu na Salobreña, mama alisimama ghafla ndani ya basi. "Miwa!" alipiga kelele. "Baba watoto, miwa ile!" Na kweli, lilikuwa shamba zima la miwa, majani yanayumba, bahari nyuma yake. Dereva alidhani kuna mgonjwa, akasimamisha. Mama akashuka, nasi tukashuka, basi likaenda zake. Tulikwenda kwa mguu mpaka kituo kilichofuata, jua la mchana kichwani, mama anatafuna muwa aliopewa na mkulima mmoja na kutema makapi, akicheka kama msichana. Mimi nilikuwa nikihofia kwamba basi lingine halitakuja. Lilikuja.

Na jioni, Malaga, kulikuwa na mzee aliyebanika samaki wadogo wa rangi ya fedha ufukweni. Aliwachoma kwenye vijiti vya matete, akavichomeka mchangani mbele ya moto uliowashwa ndani ya mtumbwi mkuukuu. Mama alionja mmoja, akatafuna.

"Haya, vipi?" baba akauliza.

"Kubanika anajua. Kuunga hajui." Akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha pilipili aliyoisaga mwenyewe kwa ndimu, akampakia mzee samaki mmoja. Mzee akala, akakohoa, machozi yakamtoka, akanyoosha mkono kuomba mwingine. Kila mwaka tuliporudi, mama alimletea kichupa chake, na mzee hakukubali kutulipisha samaki.

Mwaka wa pili tulikwenda na jirani yule wa "watu uchi". Mwaka uliofuata akaja na dada zake. Mlinzi wa bwawa, yule yule wa filimbi, alikuwa akisimama tunapopita na kumwinamia mama kichwa.

Kisha kiwanda kikafungwa. Hakikuzima mitambo kwa wiki mbili, kilizima moja kwa moja. Baba akaanza kuendesha teksi, na teksi haina kiangazi. Tulikuwa tukisema "mwakani", mpaka siku moja baba akalala mchana hakuamka, na neno "mwakani" likazikwa naye. Juzi nilipita Longbridge kwa basi. Pale palipokuwa na majengo marefu niliyoyaogopa utotoni pamebaki uwanja mtupu, vifusi, uzio na kibao cha kutangaza kwamba patajengwa maduka. Nikajiuliza milango yote ile aliyoifunga baba sasa iko wapi, inafunguliwa na nani.

Hivyo ndivyo vilivyokwisha: kiwanda, baba, wiki mbili zetu. Hivyo siwezi kuvirudisha, na sijaribu. Lakini majibu ya mama hayakuwa yamekwisha kama baba alivyokwisha. Hayo yalikuwa yamenyang'anywa mbele ya macho yangu, juu ya kikombe cha chai, na mimi nimekaa nimeshika sinia. Niliwaza wiki nzima: watu watasema. Ami atanuna. Mama atalia akifika. Kijana mwingine atapuliza filimbi nyingine. Nikawaza mpaka nikachoka kuwaza, na nilipochoka nikabaki na jambo moja tu ambalo halikuchoka: mwanamke aliyekamua kanga yake mbele ya hoteli nzima hawezi kumalizwa na maneno ya kibarazani.

Ijumaa iliyofuata, kabla Ami hajafika, nilikwenda kwa wakala wa safari Coventry Road nikakata tikiti. Ami alipokaa dirishani nilimpa chai yake na nikamwambia.

"Umemwuliza nani?" akasema.

"Mama alikwishasema anataka, Ami. Niliyepaswa kumwuliza ni yeye."

"Na watu?"

"Watu watasema, na sisi tutakuwa tumeshapanda ndege."

Ami alimtazama mama amsaidie. Mama aliviringisha upindo wa mtandio. Kisha akauachia.

"Na mbuzi ya nazi je," akaniuliza, "safari hii itaingia sanduku kubwa?"

Iliingia, chini kabisa, kabla ya nguo.

Tulipofika tulikuta mzee wa samaki hayupo tena, na hoteli imepakwa rangi nyingine. Tulivuka barabara asubuhi, mama na dira jipya, mimi na langu, la kwanza maishani mwangu. Kwenye ukingo wa maji mama alisimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Wanatutazama, mwanangu," akasema.

"Macho yao yana kope, mama."

Alinigeukia. Akaanza kucheka, kile kicheko cha shamba la miwa. Nilivua viatu vyangu, nikavitupa mchangani pamoja na vyake bila kuangalia vimeangukia wapi, nikamshika mkono, tukaingia.