Tension ya Papa

Tangu gari lipinduke nami kwenye barabara ya Lukafu na kunivunja uti wa mgongo, adui yangu mkubwa ni kiti. Nikilala, mimi ni mzima na mdomo unafanya kazi. Nikikalishwa, damu inateremkia miguuni, macho yanaingia giza, nazimia, na wachamungu wanapata nafasi ya kuniombea kwa sauti.

Hapa Lubumbashi neno tension, tulilochukua kwa Kifaransa, lina kazi mbili: ni nguvu ya damu, na ni nguvu ya umeme. Siku moja nilipozimia, mke wangu alimwita jirani juu ya ukuta: "Voisin, utusaidie! Tension iko chini kabisa!" Jirani huyo, mfanyabiashara kutoka Goma, ana moyo mwema na masikio ya haraka. Alikuja mbio amekumbatia stabilisateur, lile sanduku linalolinda friji yake umeme unapoyumba.

"Mama, prise iko wapi?" akauliza, akitafuta tundu la umeme ukutani.

Nilikuwa nimezinduka. "Iko hapa mugongoni," nikamwambia, naye akainama kutazama.

Baadaye mtoto wetu aliye ng'ambo alitupatia madaktari wanaojaribu tiba mpya, na mzaha wangu ukageuka kweli. Walinipasua mgongo, wakalaza nyaya nyembamba juu ya uti, na betri wakaishona chini ya ngozi ya kiuno. Umeme mdogo unaamsha neva, mishipa inajikaza, damu inapanda tena kichwani. Nilirudi nyumbani na kidude cha kuuwashia. Jirani alinitazama mbele na nyuma, akasema, "Si nilisema?" Tangu hapo anajiita daktari, nami simkatazi, maana ukimkatalia anakueleza.

Lakini sikupasuliwa ili kumfurahisha jirani. Binti yetu mkubwa alipofunga ndoa, nilizimia kabla ya kiapo. Nilizindukia nje, nikisikia vigelegele ndani. Iliniuma, na bado inaniuma. Mdogo wake alipochumbiwa niliapa kwamba huyu nitamwona kwa macho yangu akisema ndiyo, nimekaa kama watu wengine.

Siku ilipofika, kanisani kwetu katika commune ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nilivaa suti, nikawasha kidude, nikakaa. Shemeji zangu wawili walisimama nyuma ya kiti kama wabeba jeneza waliowahi mno. Mahubiri yakaisha, mimi nimo. Padri alipomuuliza binti yangu lile swali, machozi yalinishinda, kichwa kikainama. Mashemeji wakakidaka kiti, wakaanza kukilaza. Binti yangu akageuka, jibu lake bado halijatoka.

"Papa, unaanguka?"

"Bashemeji, muniache," nikasema. "Na weye, mutoto yangu, jibia padri. Niko nalia tu."