Mwali Aliyetulia Mno

Mtoto wa kike kwetu Kisarawe alifundishwa kuitika kabla hajafundishwa kusoma. Ukiitwa, unasema "abee", na mguu uwe umeshaanza safari. Nilipokuwa mtoto niliijua adabu hiyo vizuri, na niliijua pia amri iliyoipinga, ambayo Bibi aliirudia kila nilipotoka kwenda shamba mchana: ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, funga mdomo. Sasa niambie wewe, mtoto wa miaka kumi na minne atayafanyaje mambo hayo mawili kwa pamoja? Mimi nilishindwa. Ilikuwa jua la utosi, naokota korosho peke yangu, nikaitwa Mwanahamisi kwa sauti ya mwanamke, karibu kabisa na sikio. Nikaitika abee. Nikageuka, hapakuwa na mtu.

Amri ile haikuwa ya kutishia watoto tu. Nyumbani kwetu ilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa Baba Mdogo Salumu, mdogo wake baba yangu. Baba alikuwa Dar akitafuta maisha, mama alikuwa ameolewa tena Kibaha, kwa hiyo ile nyumba tulikaa watatu: Bibi aliyemzaa baba, Baba Mdogo, na mimi. Baba Mdogo alikuwa kidato cha nne alipoanza kuzungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Ikasemwa kwamba aliitwa mchana akaitika. Alipungwa pepo, akachanjwa, akaogeshwa majani ya kila aina, na mimi nilipopata akili zangu nilimkuta mtu mzima anayekaa chumba cha nyuma. Siku akiwa mzuri alikaa uani anasuka ukili, na alinisukia hata kikapu cha shule. Siku hali ikichafuka, Bibi alimfungia kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Basi pale chini ya mkorosho nilijua papo hapo kwamba nimeingia kwenye foleni ya kufuli. Nilirudi nyumbani na korosho zangu, nikala, nikaosha vyombo, sikumwambia mtu.

Haukupita mwezi nikavunja ungo. Kwetu Wazaramo msichana akivunja ungo anakuwa mwali, na mwali huwekwa ndani. Zamani alikaa hata mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, ikaamuliwa nikae mpaka shule zifunguliwe. Nikapewa chumba cha mbele, dirisha likazibwa kwa kaniki. Akaletwa somo wa kunifunda, Mama Tabu, mwanamke mnene, mcheshi, mdomo haukai mahali. Akanipa masharti. Mwali haonekani na wanaume. Mwali hamtazami mtu usoni. Mwali hapazi sauti, akitaka kitu anapiga makofi mawili ya taratibu. Mwali hachekicheki na haulizi ovyo.

Sisemi jando na unyago ni mambo ya kishenzi, watakaosema hivyo wapo wengi na wala hawahitaji msaada wangu. Wenzangu niliokua nao waliwekwa ndani wakatoka wamenawiri, na mpaka leo wakikutana wanakumbushana vituko vya humo wanacheka hadi machozi. Ninachosema ni kwamba chumba kile na mimi, kwa wakati ule, tulikutana vibaya.

Wiki ya pili nikaanza kusikia maongezi. Hawakuwa wanazungumza na mimi, walikuwa wananizungumza. Mmoja anasema, kainama. Mwingine anasema, sasa anajifanya hasikii. Nilijipa moyo kwa jambo moja tu: chumba changu na cha Baba Mdogo vilitenganishwa na ukuta wa udongo, na Baba Mdogo alizungumza kutwa. Nikajiambia ni yeye. Kila neno lililokuja nililisukumia upande wa pili wa ukuta, hata lilipokuwa na sauti ya mwanamke.

Usingizi ukakatika. Chakula nikawa nakichokoachokoa, kwa sababu wale watu walikuwa wakinisema kila tonge ninaloweka mdomoni. Nilikuwa nimeingia na kitabu changu cha Kiswahili cha darasa la saba, nikawa na ukurasa mmoja siku nzima, maneno nayatazama tu hayaingii. Wanawake wakicheka uani nilijua wananicheka mimi. Sikudhani, nilijua, na hilo ndilo gumu kumweleza mtu ambaye halijamfika. Kuoga kulinichosha. Nikakaa kwenye mkeka na khanga kichwani, nimekunja magoti, toka asubuhi hadi jioni.

Na sifa zikamiminika. Mama Tabu alikuwa amefunda wanawali wengi, na wote aliwalalamikia: huyu anachungulia dirishani, yule anaimba nyimbo za redio, mwingine ametumiwa simu na mvulana ndani ya kapu la mihogo. Mimi sikuwa na kasoro. Simtazami mtu, siongei, siombi kitu. Alikuja hata na somo mwenzake anionyeshe, wakasimama mlangoni wananishangaa. Kila kitu kilichokuwa kinaniharibikia kilikuwa na jina zuri la adabu.

Kisha Baba Mdogo akazidiwa. Bibi akaona ampeleke kwa mganga mmoja upande wa Maneromango amwache huko wiki nzima. Nilisikia kufuli likifunguliwa, nikasikia Baba Mdogo akibembelezwa avae shati, nikasikia pikipiki ikiondoka. Nyumba ikawa kimya. Nilikaa naungojea ukimya ule unifikie na mimi.

Mmoja akasema, katulia.

Mwenzake akamjibu, ataenda wapi.

Niliogopa mpaka nikajikojolea, sioni haya kulisema. Chumba cha pili kilikuwa kitupu na wao walikuwapo. Nilijibana kwenye kona, nikauma khanga. Nikimbilie wapi? Mwali akionekana nje kabla ya siku yake ni balaa kwa ukoo mzima. Nimwambie nani? Nikimwambia Bibi, nitakuwa nimekiri kwamba niliitika, na chumba cha nyuma kilikuwa kimeshapatikana, kitanda kimetandikwa. Ndivyo nilivyowaza, kwamba wamemtoa Baba Mdogo ili nafasi iwe yangu. Nikaamua nitatulia zaidi. Nitatulia mpaka mtu asijue.

Bibi alirudi kutoka Maneromango amechoka. Kesho yake alikuwa uani anamenya mihogo, na Mama Tabu amekaa naye. Mlango wangu ulikuwa wa mbao zilizoachana, nikawa nasikia kila kitu.

"Mama Salumu, mjukuu wako ndiye mwali," Mama Tabu alisema. "Katulia mpaka raha. Jana nimemfinya makusudi, hata kuguna hakuguna."

Kisu cha Bibi kikanyamaza. Akamuuliza, hata ulipomfinya? Mama Tabu akasema hata nilipomfinya, akacheka. Bibi hakucheka. Nilimsikia anainuka, magoti yanalia, kisha mlango ukafunguliwa, ukafungwa nyuma yake.

"Nitazame," alisema.

Mwali hamtazami mtu usoni. Sikumtazama.

"Mambo ya mwali yaweke kwanza pembeni. Nitazame, Mwanahamisi."

Nikamtazama. Akanishika kidevu, akayaangalia macho yangu kwa muda mrefu, akanusa nywele zangu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo. Hakuniuliza kama nasikia kitu.

"Wangapi?"

Nikasema watatu, halafu yakanitoka yote: mkorosho, abee, ukuta, chakula, na jinsi walivyobaki baada ya Baba Mdogo kuondoka. Nilikuwa naongea huku naangalia pindo la khanga yake, pale penye ufunguo. Hakuligusa. Alikaa chini kwenye mkeka wangu akapumua kidogo, akaniambia nivae, tunakwenda Kibaha.

Hapo lazima nieleze kitu kuhusu Bibi. Baada ya waganga kushindwa, mwaka wa sita wa ugonjwa wa Baba Mdogo, aliwahi kumpeleka hospitali moja ya Kibaha. Daktari wa huko alimwambia, mama, huyu ungemleta mwanzoni. Bibi alikasirika, akarudi kijijini akamtangaza yule daktari kwamba hana adabu, na kijana wake hakumrudisha tena kule. Lakini neno lile lilimkaa. Alikuwa amelibeba miaka yote hiyo bila kumwonyesha mtu.

Mama Tabu aliziba mlango kwa mwili wake, na mwili alikuwa nao. Alisema mwali akitolewa mchana kweupe bila kuchezwa ngoma hazai, na akizaa, anapata wazimu.

"Huo wazimu ndio ninaoukimbia," Bibi alisema. "Nipishe, mwenzangu."

Tulipanda mishikaki kwenye pikipiki moja, dereva, mimi katikati, Bibi nyuma amenikumbatia, khanga imenifunika mpaka puani. Wanaume waliniona. Wazee waliokaa kibarazani walisimama. Tukapita njia ya Mzenga mpaka Mlandizi, kutoka hapo tukapata gari la machungwa hadi Kibaha, tukalala kwa mama yangu, mtaa wa Pangani wa hapohapo Kibaha. Njia nzima wale watatu walikuwa wananisema, na mimi nilikuwa nimeegemeza mgongo kifuani kwa Bibi nisianguke.

Daktari tuliyemkuta alikuwa mwingine, kijana mwembamba. Nilitegemea atacheka habari ya kuitika. Hakucheka. Aliuliza baada ya kuitika nilijisikiaje, na alingoja jibu. Aliuliza habari za usingizi, za shule, za Baba Mdogo, akamwomba Bibi atupishe, Bibi akagoma, mwisho akatoka akabaki amesimama mlangoni. Mwisho daktari alituambia wote wawili kwamba ugonjwa wa baba yangu mdogo mimi sikuwa nao. Nilikuwa kwenye njia inayoweza kufika huko, na wengi wanaokutwa hapo nilipokutwa hawafiki, hasa wakishikwa mapema. Akasema nyumba yenye mgonjwa mmoja iwatazame vijana wake kwa karibu, na kutazama huko si kufungia. Hakunipa dawa za kulegeza mwili, ambazo nilikuwa naziogopa. Alitaka nilale, nile, nikae na watu, niende shule, nisikae chumba cha giza hata siku moja zaidi, na kila mwezi nirudi tuongee. Bibi aliuliza, kuongea tu? Akajibiwa, kuongea, na kuwahi kusema likibadilika.

Sauti hazikuondoka siku hiyo, wala mwezi huo. Zilipungua kidogo kidogo, kama wageni wanaoaga wakiwa bado wameketi. Nilisoma sekondari Kibaha, nikikaa kwa mama, na kliniki nilikwenda mpaka nikazoea benchi lake. Kidato cha pili, wakati wa mitihani, zilirudi. Nilifika kwa daktari wiki hiyohiyo, akanipa dawa kwa muda, zikanyamaza. Ningekuwaje kama Bibi angemaliza kumenya mihogo yake siku ile? Daktari mwenyewe nilimuuliza, akakiri kwamba hajui. Huenda ningepona tu. Siku nyingine wazo hilo linaniudhi, siku nyingine linanitisha.

Sasa ninaishi Visiga, nafundisha shule ya sekondari, nimeolewa, nina watoto wawili. Kule kijijini mimi sikuchezwa ngoma wala sikutolewa rasmi, kwa hiyo kwa sheria zao bado niko ndani. Mama Tabu akinikuta msibani hunitania, mwali gani huyu ana watoto wawili, na mimi humcheka na kumpa mkono. Utani ule una ukweli kuliko anavyojua. Kuna asubuhi naamka, nyumba iko kimya, na kabla sijashusha miguu kitandani nasikiliza kwanza. Kazini walimu wenzangu wakimsifu mwanafunzi kwamba ametulia siku hizi, mimi hutafuta sababu ya kupita karibu na dawati lake.

Baba Mdogo naye alirudishwa hospitali mwishowe, siku hizi anachomwa sindano kila mwezi, kufuli limeondolewa, anasuka ukili wake. Ametulia, lakini miaka yake haikurudi. Mwaka jana nilikwenda kumwona Bibi, amekuwa mzee wa kulishwa, na tukiwa wawili tu nikamuuliza kitu nilichokaa nacho tangu utotoni. Alijuaje kuuliza wangapi?

Aligeuza uso kuelekea uani.

"Salumu aliniambia," alisema. "Kabla hajaharibikiwa, yuko kidato cha tatu. Alinifuata jikoni mwenyewe, akasema mama, nawasikia watu wanne. Nilimchapa mwiko mdomoni kwa kuwaitikia. Hakunieleza tena kitu."

Nje Baba Mdogo alikuwa anajibu mtu, kwa sauti ya chini, ya heshima. Nilimfunika Bibi shuka nikakaa. Watu wachache wanaozijua habari zangu husema nilikuwa na ujasiri wa kusema mapema, na kwa miaka mingi nimeipokea sifa hiyo bila kubisha. Mwenye ujasiri alikuwa Baba Mdogo. Yeye alikwenda kwa miguu yake akasema, na mimi nilikaa kimya mpaka nikaulizwa.