Mshenga wa Chuo Kikuu

Miaka ile ya tisini nilisoma kwenye chuo kidogo cha ufundi wa umeme mjini Brussels, chuo kilichompokea yeyote mwenye miguu miwili. Nilitaka kuhamia chuo kikuu, kitivo cha uhandisi. Wanaohamia kutoka vyuo kama changu walichukuliwa wachache, na ombi lilikuwa mara moja tu. Ukikataliwa, basi.

Barua ya maombi ilinishinda. Walitaka nieleze kwa nini mimi ni bora kuliko wengine. Kwetu Bukavu binti anayejisifu ni binti aliyekosa wa kumsifu, kizuri chajiuza. Niliandika mistari minne, mitatu ikiwa ya salamu. Ajabu ni kwamba waliniita kwenye mahojiano.

Tonton, kaka wa mama yangu, ndiye aliyenilea pamoja na mama. Alikuwa mlinzi wa mlango wa ofisi moja kule Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, na kwa kuwa Ulaya nzima ilipita mbele yake kila asubuhi, aliamini anaijua.

"Bon, tutaenda wote," alisema. "Mutoto hajiombeagi ye mwenyewe. Mimi ndiye nitasema."

"Tonton, hii si ndoa."

"Siye tunaomba, bao banatoa. Donc iko tofauti gani?"

Siku ya mahojiano tulikutana kituo cha metro cha Porte de Namur. Alivaa suti yake ya harusi, ya rangi ya biringanya, na mkononi alishika chupa ya whisky, maana mshenga haendi mikono mitupu. Nilimnyang'anya chupa nikaiacha saluni kwa rafiki wa mama. Suti sikuweza kumnyang'anya.

Maprofesa watatu walitazamana tulipoingia wawili. Tonton hakusubiri aulizwe. Alianza na babu yangu, akapitia ukoo mzima, akafika kwangu: mpole, mchapakazi, napika vizuri. Kuhusu umeme hakusema kitu. Mwishowe profesa mwanamke akanigeukia, akauliza kwa nini mwaka wa kwanza nilianguka fizikia.

"Malaria," alijibu Tonton.

Malaria, Brussels! Wakati ule nilimchukia, sioni haja ya kuficha.

"Si malaria," nikasema. "Nilikuwa nasafisha ofisi alfajiri, darasani nasinzia. Nikarudia mtihani, nikawa wa kwanza. Mnaweza kunikataa, lakini chuoni kwetu hakuna anayenishinda kwa umeme."

Nilikuwa nimejisifu, tena mbele ya mkubwa wangu. Tonton aliangalia viatu vyake mpaka tukatoka. Tukapanda metro.

"Unasemaga vizuri," akasema tulipofika kituo cha tatu. "Alors, mimi sikukuwa na kazi pale."

Niliona aibu kwa kumwonea aibu. Wiki zile za kungoja jibu niliomba Mungu mambo mawili, nafasi chuoni na Tonton anichekee tena kama zamani.

Barua ilikuja. Nimekubaliwa! Mama alipiga vigelegele hadi jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Tonton aliketi akaniagiza nimsomee yote, neno kwa neno.

Nilimsomea. Sentensi ya mwisho ilisema kwamba siku ya kujiandikisha mwanafunzi afike peke yake.

"Na pale mwisho? Banasema nini?"

"Wanasema uvae ile suti," nikamjibu.