Kishimo Kilichokataa Kugeuka Njano

Siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu, nikiwa msichana mwenye koti jeupe jipya na maringo yake, hapa hapa Ifakara, maabarani. Kazi yetu ilikuwa kupima kinga ya homa ya ini. Tunaweka protini ya kirusi cha homa hiyo kwenye vishimo vya sahani ya plastiki, kisha tunatia majimaji ya damu ya mtu. Mwenye kingamwili, wale askari wa damu, zinaing'ang'ania ile protini, na tukitia dawa ya rangi kishimo kinageuka njano. Asiyekuwa nazo, kinabaki maji matupu.

Siku hiyo tulihitaji damu za waliochanjwa, za kulinganishia. Nikawa wa kwanza kukunja mkono wa koti. "Yangu itakuwa njano kama binzari," nikawaringia wenzangu. Kumbe mganga hajigangi. Dozi ya mwisho ya chanjo niliiruka nikaenda harusini Mlimba, nikarudi na kanga mpya, chanjo nimeisahau. Kishimo changu hakikugeuka.

Nikarudia kipimo, kikakataa tena. Nikakifunika kwa kidole, mtu mzima na akili zangu! Nilijua asiye na kinga haruhusiwi kushika damu, na kazi ile niliipenda kuliko chakula. Mzee Anselimu, mkuu wetu, Mndamba mpole asiyepandisha sauti, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Vua glavu, mwanangu."

"Mzee, nisamehe. Sampuli za kijiji cha Mchombe zitaharibika, nani atazimaliza?"

"Sampuli nyingine tutazipata," akasema. "Mtoto mwingine wa mama yako nitampata wapi?"

Nililia. Nilidhani ananifukuza, kumbe ananipenda. Akanipeleka mwenyewe kuchanjwa, kanibebea mkoba, nesi hana mbavu kwa kucheka. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akasoma sahani zangu kwa macho yake yale ya uzee, hadi damu yangu ilipopata kinga. Hakunung'unika hata mara moja.

Nawe unayeingia kazi hii, sikia: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwetu sisi ini ndilo hulipa. Kamilisha chanjo, kisha pima uone kama imeshika. Kukosa kinga si aibu, ila kuficha ni hatari. Na anayekusimamisha kazi kwa ajili ya uhai wako, usimnunie, mwanangu. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Mungu akupe mkono mtulivu na ini zima, na siku utakapotaka kujiponza, akupe mkubwa wa kukukataza.