Rafu ya Mengineyo

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla duka halijafunguliwa, nikasimama kwenye ngazi na viatu vya kuazima vikinibana. Mwenye duka alipokuja na funguo zake hakuniuliza cheti. Aliniuliza, "Kitabu cha mwisho kukisoma chote, mpaka ukurasa wa mwisho, kilihusu nini?" Nikamwambia kilihusu ufugaji wa kuku. "Unafuga?" "Hapana, shikamoo." Nilikuwa nimesahau kumwamkia, ikanitoka hapo hapo. Akaitikia marahaba huku anacheka, akanipa ufagio. Kama kuna kijana anayedhani kuuza vitabu ni kazi ya kukaa kwenye kiti, ajue mimi miguu iliota sugu.

Duka lilikuwa katikati ya mji, mwendo mfupi kutoka Posta. Mwenyewe alikuwa Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa, mzee wa kanzu na koti, miwani kaifunga uzi. Vitabu aliviweka mafungu mawili. Kulikuwa na kiada, yaani vile ambavyo mwanafunzi hawezi kuvikwepa darasani, na ziada, vya kumsaidia aliyeshindwa kuelewa kiada. Kisichokuwa kiada wala ziada kilipelekwa kwenye rafu moja ya mninga, ukuta wa nyuma: mashairi, riwaya, dawa za miti shamba, ufugaji wa nyuki, ngoma za kusini, namna ya kushona suruali. Juu yake mzee alibandika karatasi iliyoandikwa MENGINEYO. Nilimwambia kwamba vitabu ni "vinginevyo". Akanijibu, "Anastazia, umewahi kukaa kwenye kikao? Mambo ya maana yote watu huyasubirisha mpaka kwenye mengineyo." Karatasi ikabaki na kosa lake, nami nikakabidhiwa ile rafu.

Wakati huo tulikuwa na utaratibu tuliouita kuzunguka. Mteja akitaka kitabu ambacho hatuna, hatukumwambia hakuna. Tulimwambia akanywe chai arudi, kisha mmoja wetu anatoka mbio kwenda kukitafuta kwa wenzetu. Sheria zilikuwa kwa bwana mmoja karibu na mahakama, aliyekunja uso hata ukimletea wateja. Sarufi ya Kiarabu na vitabu vya dini ya Kiislamu vilipatikana kwa mama mmoja wa Kariakoo, ambaye hakukuuzia mpaka umemweleza nani anakwenda kukisoma. Duka la kanisa lilikuwa na nyimbo na, sijui kwa nini, vitabu bora vya upishi mji mzima. Umeme na injini vilikuwa kwa mzee wa Kihindi aliyepanga kila kitu chini, kwenye sakafu, na akajua kila kilipo. Nilizunguka miaka na miaka. Nikajua kwamba mji huu una vitabu, ila vimejificha, na mwenye kuvijua ni mwenye miguu.

Mzee alipochoka alimwachia mwanawe, ambaye alitaka tumwite Meneja. Meneja akanihamishia tawi la Kariakoo, kiduka cha upana wa kitanda, na rafu yangu ikaja nami kwa sababu niligoma kuondoka bila hiyo. Siku ya kwanza tu akaisogelea na kuipima kwa macho.

"Mama Neema, hii rafu inalipa kodi?"

"Hata feni hailipi kodi, bosi."

"Feni inatupoza. Mimi hapa naona madaftari na kalkuleta."

Tulivutana naye miaka yote. Kila Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, alikuja na futi kamba yake. Kila Januari nilimwambia aning'oe mimi kwanza. Nasema wazi: nilitaka jambo moja tu katika kazi ile, kwamba mtu akiingia kutafuta kitu ambacho hajaagizwa na mwalimu, akikute. Kuzunguka, hata hivyo, alikupiga marufuku wiki ile ile ya kwanza. Alisema tunawapelekea wapinzani biashara.

Na wateja nao wangeweza kunitia wazimu. Kariakoo watu hawaombi kitabu kwa jina. Wanaomba kwa rangi.

"Nipe kile cha kijani cha fomu two."

"Kinaitwaje?"

"Si kile cha kijani!"

Mchapishaji akibadilisha jalada, mimi naambiwa nimekificha nikiuze bei juu. Zikaja simu, na simu zikaja na balaa lake. Kijana mzima, nguo kapiga pasi, anakuja kwenye Mengineyo, anafungua shairi, anatoa simu. "Mama, ukurasa mmoja tu, napiga picha fasta." Nilimwuliza kama hotelini huwa analamba wali kidogo kisha anaondoka. Akaniambia, "Mama mbona unapanik?" Huyo alikuwa mpole. Wengine waliniuliza kama ninayo pidiefu.

Siwaonei. Lakini mara moja moja aliingia mtu akasimama mbele ya rafu ile, shingo kailaza upande asome migongo ya vitabu, akasahau alichofuata sokoni. Kwa ajili ya mtu huyo mmoja niliwavumilia wote wa kijani.

Mwishoni akaja mjukuu wa mzee, kijana aliyesoma nje, naye akawa Mkurugenzi. Sina ubaya naye. Alinisalimia kila asubuhi, aliniwekea kiti chenye mto. Siku ya kustaafu alinifanyia sherehe, na keki, na mshereheshaji aliyekosea jina langu mara mbili. Kisha akatangaza kwamba zawadi yangu iko njiani kuelekea nyumbani. Nilipofika Magomeni nikaikuta uani, imeletwa na guta: rafu yangu ya mninga, imepigwa msasa na vanishi, inang'aa. Tupu.

Nikampigia simu. "Mwanangu, vitabu viko wapi?"

"Aah, vile, mama? Tulivitoa, si vilikuwa vinakula vumbi tu. Alikuja jamaa wa makaratasi chakavu akabeba vyote. Umeipenda lakini?"

Nikamwambia nimeipenda. Nimejuta jibu lile kuliko lolote nililowahi kumpa bosi. Niliingia ndani nikalia, na si kidogo.

Jumatatu yake nikaanza kuzunguka tena, kuvitafuta vitabu vya rafu ile kimoja kimoja, kwa nauli yangu, bila wa kunizuia. Jamaa wa makaratasi sikumpata. Bwana wa sheria alishakufa, pake panauzwa makava ya simu. Mama wa sarufi bado yupo, na aliniuliza nani anakwenda kusoma, nikamwambia sijui, akakataa kuniuzia. Vijana wenye maduka yaliyoandikwa "duka la vitabu" waliniuliza nataka kaunta buku, yale madaftari manene, ya kwaya ngapi. Wauzaji wa chini, wanaotandika turubai kando ya barabara, ndio walionisaidia, maana kwao hufika kila kitu. Cha miti shamba nilikipata hivyo. Cha suruali nilikipata Mchikichini, katikati ya viatu vya mtumba, muuzaji kakikalia. Cha ufugaji wa nyuki kilinichukua safari nne. Baada ya karibu mwaka, rafu ilikuwa imefika nusu. Nikaifuta vumbi kila asubuhi, nikamkataza hata binti yangu Neema kuigusa.

Juzi akabisha hodi fundi ujenzi anayejenga ukuta wa jirani, mtu mzima wa Masasi, mikono ina saruji.

"Shikamoo mama. Nasikia una kitabu cha nyuki."

"Marahaba. Hakiuzwi."

"Jumamosi narudi nyumbani moja kwa moja. Nina shamba la mikorosho, nataka kuweka mizinga. Nimeuliza Kariakoo yote."

"Kaa barazani, kisome hapo hapo."

Alinawa mikono kwanza, mpaka kwenye viwiko. Akakaa, akaanza ukurasa wa kwanza kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Niliingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena. Kwa mwendo ule asingemaliza hata kufikia Iddi. Nilimkasirikia yeye kwa kuja, nikamkasirikia aliyemwelekeza. Kisha nikamwona amefunga kitabu, amekirudisha kwenye rafu mahali pale pale alipokitoa, akashukuru na kuanza kuvaa ndala zake.

"Rudi hapa," nikamwambia. "Unakwenda wapi bila kitabu?"

Alikibeba akakifunga kwenye shati lake safi la kubadilishia. Mimi nilikaa kwenye baraza nikiwa nimenuna mpaka adhuhuri, naangalia lile pengo. Kisha nikamwita Neema aniletee penseli, nikavishusha vitabu vyote vilivyobaki, na ndani ya jalada la kila kimoja nikaandika bei.