Gunia Tulilosema ni Kilo Mia

Kosa lenyewe lilikuwa la kipuuzi, na hadi leo nikilieleza naona aibu. Mimi na profesa aliyenifundisha tuliandika makala kuhusu mizigo wanayobeba makuli wa Kariakoo. Kwenye jedwali tukajaza: gunia la viazi, kilo mia. Hatukupima. Gunia lilikuwa limepigwa chapa ya kilo mia ubavuni, nasi tukanakili. Mimi, niliyezaliwa mtaa wa Gerezani, jirani na soko hilo, niliyekua nikiona viazi vikirundikwa juu ya mdomo wa gunia na kushonewa kamba mpaka linaota kichogo, niliisahau lumbesa! Nilisoma hadi nikaacha kuona.

Makala ikatoka jaridani, tukapongezwa. Miezi ikapita, kisha kuli mmoja wa rika langu akaja nyumbani na barua mkononi. Yeye na wenzake walikuwa wamemwomba msimamizi wa soko apige marufuku kumtwika mtu mmoja gunia la lumbesa. Msimamizi alikataa, na kwenye jibu lake akabandika ukurasa wetu: utafiti umeonyesha mzigo hauzidi kilo mia.

"Mwalimu, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Wewe gunia umelibeba lini?"

Siku hiyo hiyo nikaliandikia jarida waiondoe makala. Nilidhani ni jambo la wiki moja. Wapi! Mhariri akanishukuru, akanyamaza. Nikakumbusha, akanishukuru tena. Kisha akaniuliza kama nisingependa masahihisho madogo tu, mstari mmoja chini ya ukurasa. Nikakataa. Basi akataka saini ya mwandishi mwenzangu, na hapo ndipo nilipokwama.

"Kuiondoa ni kujivua nguo mbele za watu," profesa akaniambia. "Subiri kwanza nistaafu."

"Shikamoo yako nimekupa miaka yote, mzee wangu, lakini hili hapana. Watu wanaumia migongo."

"Walikuwa wanabeba kabla hatujaandika."

Nilimwendea mara nne, mara ya tano akasaini bila kunitazama, na tangu hapo hapokei simu zangu. Hatimaye jarida likaiondoa makala, kila ukurasa ukapigwa maandishi mekundu kwamba haifai kutumika.

Nikalitoa kwenye karatasi tangazo hilo la kuondolewa kwa makala, nikampitia kuli, tukaenda kwa msimamizi. Safari hii sikutaka maneno matupu. Nilimwomba atoke nje, tukaweka gunia la lumbesa kwenye mzani mbele yake. Mshale ukaipita mia, ukaendelea kwenda. Nilijisikia mshindi, nakiri.

Msimamizi akausoma mshale, akalisoma na tangazo langu taratibu hadi mwisho.

"Kwa hiyo ule utafiti ulikuwa na makosa."

"Ndiyo. Makosa yangu."

"Na leo unataka nibadilishe utaratibu wa soko zima kwa neno lako wewe yule yule?"

"Si neno langu. Mzani huo hapo."

"Mwalimu, lete utafiti mwingine. Uandikwe na mtu mwingine."

Akanirudishia karatasi yangu, akaingia ndani. Dalali wa viazi, aliyekuwa akingoja tumalize, akaashiria gunia litolewe njiani. Kuli akainama pale pale kwenye mzani, na wenzake wawili wakamtwika.